Wajibu wa Baba katika Vitabu vya Watoto

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia kalamu kuwa mlango wa ilimu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, maneno haya niliyasema kwanza Sekenke, baada ya sala ya isha, mbele ya watu wasiozidi ishirini, wengi wao wakiwa watu wa pwani waliokwenda huko kutafuta riziki. Walinitaka niyaandike ili wayapate na wenzao waliobaki Tanga na Bagamoyo, Unguja na Mombasa. Nimeyaandika kama walivyotaka, nami nimeongeza jambo moja ambalo usiku ule sikuweza kulitamka, kwa kuwa mwanangu alikuwa amekaa mbele yangu.

Sekenke iko Iramba, katika mkoa wa Singida, pale nchi ya juu inapokatika ikashuka kwenye mbuga ya Wembere. Watu wa magari waujua mlima wake kwa khofu. Wengine waijua kwa dhahabu yake. Wajerumani walichimba huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipokwisha kuzibiwa njia za bahari na sarafu zimewaadimikia, waliipiga dhahabu ya Sekenke mjini Tabora, wakaifanya sarafu ya rupia 15 yenye sura ya ndovu. Wajerumani wamekwenda zao, na wachimbaji wadogo wamo bado, wakiteremka mashimoni na kusaga mawe, mchana kutwa.

Huko nilimwona mtu wa kwetu, mfanyi biashara, akinunua chembe ya dhahabu ndogo kuliko punje ya hindi. Aliitazama, akaigeuza, akaichoma moto ili zebaki itoke, akaipima kwa mizani ndogo, akaitazama tena, kisha akaanza kubishana bei. Ilimchukua muda wa kutosha mtu kusoma Yasin kwa utulivu. Jioni ile ile gari likafika kutoka Singida, akaletewa kitabu alichomwagizia mwanawe wa darasa la sita. Nikamwuliza, “Kitabu gani hiki?” Akanijibu, “Sijui, sheikh. Nimeagiza cha hadithi, chenye picha.” Akampa mtoto pale pale, wala hakukifungua.

Sikumlaumu mbele ya watu. Amefanya bora kuliko wengi, kwani yeye amenunua. Katika maduka niliyopita Sekenke niliona makurunzi na mabuti na majembe, na madaftari ya skuli, na kitabu cha kusoma sikukiona hata kimoja. Mwingine angesema mtoto ana simu, ajitazamie humo. Lakini mambo haya mawili niliyoyaona siku moja, dhahabu iliyojaribiwa na kitabu kisichojaribiwa, ndiyo yaliyonifanya nisimame usiku ule niseme.

Imam Ghazali, naye ni katika maimamu wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake ni kito safi kisichochorwa kitu bado. Kisha akataja apewe nini: Kur'ani, na khabari za watu wema, ili mapenzi yao yaote moyoni mwake, na azuiliwe mashairi ya mahaba. Tena akasema neno ambalo walimu wa vyuoni twalipita mbio: mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani ukimbana kwa masomo tu utauua moyo wake. Mwenye kuusia hivi alikuwa akijua watoto.

Basi niseme waziwazi: kina baba wanaokosea katika jambo hili ni namna mbili. Wa kwanza ni yule wa dhahabu, asiyetazama ampacho mtoto. Wa pili ni yule asiyetazama vile vile, ila yeye hukataza kila kitu. Kila kisa kwake ni uwongo, na uwongo ni haramu, na shauri limekwisha. Huyu wa pili aonekana mcha Mungu zaidi, na kwa hivyo madhara yake hayaonekani upesi.

Jueni kwamba maulamaa wetu hawakuhukumu hivyo. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, katika Tuhfa, kitabu ambacho Mashafi wa pwani hii wamekitegemea katika fatwa zao, ameeleza kwamba yafaa kusikiliza mambo ya ajabu kwa ajili ya kujifurahisha maadamu mtu hana yakini kuwa ni uwongo. Na hata yale ajuayo kwa yakini kuwa hayakutokea, yafaa ikiwa makusudio ni kupiga mfano, au kuwaidhi, au kufundisha jambo kama ushujaa, yasemwe kwa ulimi wa mtu au kwa ulimi wa mnyama. Tazameni! Ametaja wanyama. Kalila na Dimna, aliyoitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu, yote ni maneno ya wanyama, na wafalme walisomeshea watoto wao. Na Maqamat za Hariri, ambazo wanachuoni wamezihifadhi kwa ajili ya lugha yake, ni visa vya mlaghai mmoja asiyekuwako duniani.

Wala tusidhani kitabu chema ni kile kisichotajwa ndani yake ovu lolote. Someni Sura ya Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameisifu kuwa ni katika visa bora. Mna husuda ya ndugu, na kisima, na nguo yenye damu ya uwongo, na mke wa mtu aliyefunga milango, na mtu asiye na hatia kutiwa gerezani. Na watoto wetu twawasomesha. Linalopasa kuulizwa ni kitabu kimesimama upande gani: chamfanya mtoto amchukie mwenye kudhulumu, au chamfanya amwonee kijicho?

Sasa nitasema lile ambalo sikulisema.

Mwanangu alipokuwa na miaka kumi alikuwa msomaji. Alikuwa amekwisha khitimu, na Safina ameihifadhi nusu, nami nikifurahi naye kuliko ndugu zake wote. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba na kitabu kidogo cha sungura na simba, alichoazimwa na mwenzake wa skuli. Alikuwa akicheka peke yake. Nikakitwaa, nikamwambia kwamba wanyama hawasemi na asomaye uwongo atazoea uwongo, nikakitia katika moto wa jikoni mbele ya macho yake. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuisoma Tuhfa kwa mashekhe zangu. Mas'ala niliyokutajieni nilikuwa nimeyapita kwa ulimi, moyoni hayakuingia.

Hakulia. Alimrudishia mwenzake thamani ya kitabu kwa pesa zake za Idi. Tangu siku ile sikumwona tena na kitabu ila cha darasa, na hicho nacho akikifunga mara tu mwalimu akiondoka. Leo ni mtu mzima, hodari, mwenye kusali. Kazi yake ni dhahabu, nami namshukuru Mungu. Ila ukimpa karatasi yenye maandishi zaidi ya kurasa mbili hukupa uimsomee.

Hiyo ndiyo nyumba niliyofikia Sekenke. Nilipoingia, mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, darasa la tano, alinipokea, “Shikamoo, babu,” na huku akisukuma kitu chini ya mkeka kwa mguu. Nikaona. Nikasema, “Marahaba. Nini hicho?” Akamtazama baba yake. Kumbe ameambiwa kwamba babu hapendi vitabu vya hadithi.

Nilikaa chini nikamwomba anionyeshe. Kilikuwa ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert wa Tanga, kilichotoka mwaka 1952, kimechakaa, jalada limekwisha kung'oka. Nilimtaka anisomee. Ni kisa cha mtu mwema ambaye ndugu zake wawili, majina yao Hasidi na Mwivu, walimhusudu wakamtosa baharini. Kisha wakageuzwa manyani, na yeye akalazimishwa kuwapiga kila usiku, huku akiwahurumia. Mtoto alisoma mpaka pale, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza: “Babu, akiwapiga naye hataki, ana dhambi?”

Ndugu zangu, mimi nimesomesha miaka thelathini. Swali hilo la mtu aliyelazimishwa, maulamaa wameliandikia kurasa nyingi, na wanafunzi wangu wenye ndevu hawakuniuliza ila nilipowafungulia mlango. Huyu amelifikia kwa kitabu cha hadithi. Nilimweleza kwa kadiri ya umri wake. Kisha nikamwuliza: ndugu hawa wamfananishia nani katika Kur'ani? Akafikiri, akasema, “Ndugu zake Yusuf.” Hakuambiwa na mtu.

Kutokana na haya nawapa shauri, nanyi mlipime.

Baba na asome yeye kwanza kitabu atakachompa mtoto, chote, si jalada. Ikiwa macho yamemchoka au hakujaaliwa kusoma, asomewe na mama, au na mkubwa wa watoto, naye asikilize. Watoto wa darasa la nne mpaka la saba vitabu vyao ni vidogo. Usiku mmoja watosha, na barazani twapoteza mangapi? Tena umjaribu mtoto kwa ukurasa mmoja, akusomee kwa sauti. Akikwama kwa maneno yaliyozidi vidole vya mkono mmoja, kitabu hicho kingojee mwaka mwingine, au msome pamoja. Asipokwama hata mara moja, huenda kimekwisha kuwa chepesi kwake. Akimaliza, mwambie akusimulie. Usimwulize kama mtahini. Kaa kama mtu anayetaka kujua kilichotokea.

Na msidanganywe na picha ya msikiti juu ya jalada. Nimeona vijitabu vya dini vinavyouzwa kwenye vituo vya magari, hadithi za Mtume zimetiwa humo zisizo na asili, aya zimepigwa chapa kwa makosa, na adhabu za kaburi zimepambwa mpaka mtoto akaogopa kulala. Hicho ni kibaya kuliko sungura na simba, kwa sababu sungura hakudai kuwa ni Bukhari.

Sira ya Mtume na iwe ya kwanza, iliyoandikwa kwa Kiswahili anachokifahamu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, aliandika vitabu vidogo kwa Kiswahili kwa kuwa aliona watu wakisoma bila kufahamu. Na kabla yake kwa karne nyingi, Abu Bakr bin al-Arabi, mwanachuoni wa Kimaliki, alistaajabu kuwa mtoto aanzishwa kwa asichokifahamu, akataka atangulizwe lugha na hesabu. Ibn Khaldun ameipokea rai yake akaisifu, ila akasema ada ya watu haiikubali. Sisi nasi hatuiachi ada yetu ya kuanza na Kur'ani. Lakini ufahamu na ufuate nyuma, usisahauliwe njiani.

Baada ya Sira, mpe safari. Mtoto wa pwani akisomewa kwamba Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawakuta watu wake ni Mashafi, atajua kwamba babu zake wametajwa vitabuni. Mpe khabari za nyota, na za wanyama, na za mwili wake alioumbiwa. Binti mpe kama umpavyo mvulana. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtungia bintiye utenzi wa mausio, wala hakungoja baba wa watu amnunulie kitabu. Alifanya hayo mwanamke kitandani. Sisi wanaume wazima, wenye kuuza dhahabu, twasema hatuna nafasi.

Usiku wa mwisho mjukuu wangu alitusomea sote, baba yake akiwa mlangoni na kahawa yake. Kila mara niliona ameacha kunywa.

Alfajiri alinisindikiza mwanangu mpaka kituo cha magari. Tulingoja sana, kwa kuwa lori moja lilikuwa limelala mlimani likaziba njia. Tuliongea bei ya dhahabu, na maradhi ya mama yake, tukanyamaza. Kisha akaniambia, bila ya kunitazama, “Baba, kile kitabu cha sungura. Mwisho wake ulikuwaje?”

Nikamwambia sijui. Sikukisoma.