Utii Hupimwa Penye Nyama

Mbwa aliyefunzwa ndani ya ua uliofungwa, alfajiri kabla ya watu kuamka, hukaa akiambiwa kaa na huja akiambiwa njoo. Mtoe barabarani saa kumi jioni, bodaboda zikipita, mbuzi wa jirani akikatiza na moshi wa mishkaki ukitanda, na mbwa yule yule atakuwa kama hajawahi kulisikia jina lake. Mwenyewe hukasirika, akavuta kamba na kumwita mkaidi. Hoja yangu ni kwamba mbwa huyo hajafunzwa bado, na kwamba tunapouita ukaidi ule upungufu wa mafunzo, tunarudia kosa tunalolifanya kila tunapohukumu utii wa binadamu mbele ya Mungu wake na wazazi wake.

Fiqhi ya Kiislamu ililitazama jambo hili kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Katika pwani yetu, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mbwa hutajwa zaidi kwa najisi yake na kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini Qurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wakalazimika kuuliza: aliyefunzwa ni yupi? Wengi walijibu kuwa ni yule anayekwenda akitumwa, anayesimama akizuiwa, na anayelishika windo bila kulila. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume alimkataza kula windo ambalo mbwa ameshalila, kwa kuchelea kwamba mnyama huyo alijikamatia mwenyewe. Tuitazame hali hiyo kwa karibu: swala bado ana joto, damu imo mdomoni mwa mbwa, bwana wake yuko mbali nyuma ya vichaka, na njaa ipo. Hapo ndipo inapojulikana mbwa alikimbia kwa ajili ya nani. Imamu Malik hakulifanya suala la kula kuwa sharti, ila naye alitaka mbwa aitike akitumwa na akikatazwa. Pamoja na hitilafu yao, kipimo cha wote kilibaki porini, windo likiwa mbele ya macho.

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alikutana na jambo hilo hilo maabarani. Mbwa aliyezoeshwa kutokwa na mate kwa ishara fulani aliacha kuitika mara mgeni alipoingia chumbani au sauti ngeni iliposikika. Ikabidi lijengwe St. Petersburg jengo maalumu la kuzuia kelele. Mtafiti aweza kujifungia hivyo, lakini mfunzaji hawezi, maana mbwa wake ataishi nje. Mbwa hajifunzi neno "kaa" peke yake. Hulijifunza pamoja na sakafu, ukuta, mkono ulioshika kipande cha nyama, na ukimya wa saa ile. Ukimhamisha, kwake ni somo jipya. Ndiyo maana wafunzaji hodari huanzia mbali, pale ambapo mbwa anamwona mbuzi lakini bado anaweza kumsikia bwana wake. Akiitika hutuzwa papo hapo, kisha husogezwa hatua chache. Akishindwa, hurudishwa nyuma kidogo na somo huanza upya, bila kuongezewa fimbo.

Atakayepinga atasema dini hutuamuru kukikimbia kishawishi: Wakristo huomba wasitiwe majaribuni, na fiqhi inayo kanuni ya kuziba njia zinazopeleka kwenye haramu. Ni kweli, na mfunzaji hodari hufanya vivyo hivyo anapoanzia mbali. Ila umbali huo ni wa muda, na lengo lake ni siku mbwa atakapopita ubavuni mwa mbuzi. Kijana aliyelelewa kwa kengele ya bweni na kiboko, asiruhusiwe simu wala shilingi, akifika chuoni akaacha sala ndani ya muhula mmoja, tunasema ameharibiwa na mji. Mji haukuharibu kitu kilichokuwepo. Ulifichua tu kwamba alichokuwa akikiitikia ni kengele, na chuoni kengele haipo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mbwa hana nia, na mazoea yasiyo na nia si wema. Aristotle mwenyewe, aliyefundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, aliongeza kuwa ni lazima ajue anachokitenda na akichague kwa ajili yake chenyewe. Nalikubali hilo: mbwa hatufundishi wema wote. Anachotufundisha ni kwamba nia isiyozoeshwa penye vurugu huzidiwa na vurugu, hata ikiwa safi. Tena, mafunzo ya juu kabisa hayazai mnyama anayefuata sauti kwa upofu. Mbwa anayemwongoza mtu asiyeona hufunzwa kuikataa amri ya kwenda mbele ikiwa gari linakuja. Kukataa huko ni utii kwa usalama wa bwana wake, ambao ndio sababu ya amri zote.

Kwa hiyo mzazi, ustadhi, mchungaji na mwalimu wajiulize kabla ya kumlaumu aliyeteleza: tulimfunzia wapi, na tulimsogeza kwa hatua zipi? Tukimfunza kwenye ua mtupu kisha tukamhukumu sokoni, tumemdhulumu. Kabla ya kudai utii, anayeamuru anadaiwa mafunzo.