Nasaha za Baba Zilizobaki Kwenye CD

Makongolosi hakuna anayetupa marudio. Mawe yakishatoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, yakasagwa kwenye karasha, yakaoshwa na dhahabu ikanaswa kwa zebaki, mchanga unaobaki, ndio marudio, hulundikwa pembeni na kulindwa kama mali, kwa sababu kila mchimbaji anajua kwamba zebaki haimalizi dhahabu. Nyingine imebaki humo, na siku moja atakuja mwenye mtambo wa kuchenjua kwa sayanaidi ataulipia. Hivyo ndivyo wanavyoishi watu wa mji huu, kiasi cha kilomita 40 kutoka Chunya mjini kwenye barabara iendayo Rungwa na Itigi, ndani ya eneo la Lupa ambalo dhahabu yake imekuwa ikitafutwa tangu miaka ya 1920. Nimeanza na marudio kwa sababu kijana nitakayemsimulia amekulia juu ya marudio hayo, na bado alizifanyia CD za mteja wake jambo ambalo asingethubutu kukifanyia kifusi cha jirani.

Jina lake nitaliacha. Ana mama, ana wateja, na kosa lake wamelifanya wengi.

Alipochoka na maduara alichukua akiba yake, akapanda basi hadi Mbeya, akanunua Mwanjelwa kompyuta mpakato iliyotumika, ile ya zamani yenye tundu la kuingizia CD. Aliporudi alifungua kibanda karibu na stendi, akaandika kwa rangi nyekundu: TUNARUSHA MUVI NA NYIMBO, FLASHI NA MEMORI. Kazi ilikuwapo. Deki zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, lenzi zimechoka, na fundi wa kuzitengeneza amehamia kwenye simu. Runinga mpya zilikuja na tundu la flashi. Wakati huohuo kabati za watu zilijaa CD za miaka ile ambayo filamu za Kibongo ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, zikiwa juu ya rundo. Chini ya rundo hilo kulikuwa na zile zisizouzwa dukani: harusi, kipaimara, kuaga binti, msiba.

Mama mmoja mwenye mgahawa jirani na stendi alimletea CD mbili ndani ya kasha la plastiki, moja ya harusi ya binti yake na nyingine ya kumuaga binti huyohuyo. Hii ya pili iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Sendofu.

“Mwanangu, deki yangu imekufa,” alisema. “Krismasi dada yako anakuja na watoto. Humu yumo baba yao, alisema maneno siku ile. Wajukuu hawakumkuta. Nataka wamsikie.”

“Usijali mama. Kesho mchana pitia.”

Neno hilo, kesho mchana, ndilo lililomponza. Hakuwa amewahi kugeuza CD ya video hata moja. Nyimbo alizirusha kwa kunakili tu, akadhani na video ni vilevile.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapopotelea. CD ya namna ile, ambayo kwa hakika ni DVD, haina faili moja lililoandikwa jina la sherehe. Ukiifungua kwenye kompyuta unakutana na mabegi mawili, yaani folda, VIDEO_TS na AUDIO_TS. Kijana alifungua la pili kwanza, akalikuta tupu, akashtuka kwamba sauti imepotea. Haikupotea. Kwenye diski za video begi hilo huwa tupu. Sauti na picha hukaa pamoja ndani ya begi la kwanza, kwenye mafaili yanayoishia na VOB. Kila VOB hukatwa isizidi gigabaiti moja, kwa hiyo sherehe ya saa mbili hutokea ikiwa vipande vinne au vitano, na mgeni huona kama imekatwakatwa na adui. Picha zenyewe zimebanwa kwa njia iitwayo MPEG-2, ya miaka ya 1990. Deki inaielewa. Runinga nyingine zinazosoma flashi haziielewi, na simu za bei nafuu ndiyo kabisa.

Alinakili vipande vyote kwenye flashi, kisha akafanya kile ambacho karibu kila anayeanza hukifanya: akafuta VOB mwishoni mwa jina akaandika MP4. Kwenye kompyuta yake ilicheza, maana programu nyingi za kuchezea video huchungulia kilichomo na hazijali jina. Kwenye runinga ya mgahawa ikagoma, naye akavifuta vipande vyote. Gunia la mahindi ukiliandika mchele, mashine ya kusaga haidanganyiki. Kubadili jina hakugusi hata nukta moja ya picha. Kugeuza ni kuifungua picha yote, ukaibana upya kwa njia nyingine, na kazi hiyo kompyuta kuukuu huifanya kwa saa kadhaa.

Siku ya pili alinunua bando akapakua programu ya majaribio kutoka intaneti. Ilimgeuzia dakika chache tu, ikabandika maandishi makubwa katikati ya uso wa bibi harusi mtarajiwa, ikadai alipie kwa dola. Siku ya tatu rafiki yake aliyeko Mbeya alimpa HandBrake, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, ambayo hufanya kazi hiyo vizuri ukiielewa. Akaiwasha jioni. Umeme ukakatika usiku, betri ya kompyuta ilishakufa zamani, na asubuhi akakuta faili kubwa la MP4 lisilofunguka. Nalo lina sababu yake: mara nyingi faili la MP4 huandikiwa mwishoni ile orodha inayoonyesha picha ianzie wapi na sauti iifuate vipi. Kazi ikikatika kabla ya mwisho, mzigo wote upo lakini hakuna wa kuuongoza.

Wakati huo mama ameshapita mara nne. Mara ya kwanza alicheka, mara ya nne alisema tu, “Mwanangu, siku zinakwenda.” Mimi nadhani hapo kijana alikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Angesema, “Mama, kazi hii bado sijaijua, nipe wiki moja niende Mbeya kwa mtu anayeijua,” yule mama angemkubalia. Watu wa Makongolosi wanasubiri miezi kwenye duara bila kuona kitu. Wiki moja isingewashinda. Aibu ilimzuia. Aliona akikiri atapoteza mteja, akalala kibandani kuilinda kompyuta, na usiku wa tano kazi ikaisha. Akafungua faili la sendofu, akatazama dakika moja ya mwanzo, akaona ngoma na vitenge na watu wakiingia ukumbini kwa shangwe. Akafunga. Akatazama na la harusi vivyo hivyo.

Mama alilipa, akashukuru, akauliza, “Na hizi CD?”

“Hizo hazina kazi tena mama. Kila kitu kiko kwenye flashi.”

Angeweza kusema neno lolote jingine. Yule mama, kwa kumwamini, alizitoa kwa jirani mwenye bustani ya mchicha, naye akazitundika kwenye kamba zimetamete na kufukuza ndege. Jua la Chunya mwezi wa Novemba halihitaji maelezo.

Krismasi ikafika. Binti akaja na mumewe na watoto. Baada ya chakula wakakaa mbele ya runinga, mama akiwa kiti cha mbele kabisa na mjukuu mdogo mapajani. Sherehe ikaanza. Wakacheka walivyokuwa wembamba, wakawataja waliokwisha kufa. Baadaye mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema wazazi wa binti wasogee mbele. Picha ikaishia hapo. Wakabonyeza tena, wakapeleka mbele, wakarudisha nyuma. Ikaishia palepale.

Mkwe alimfuata kijana kwao usiku uleule. Kijana alipokuja na kompyuta, ndipo akaelewa kitu ambacho angekielewa siku ya kwanza kama angeiweka CD ile kwenye deki nzima na kuitazama kama mtazamaji. Mpiga video aliigawa sherehe sehemu tatu, kila moja na kitufe chake kwenye ukurasa wa mwanzo: kuingia ukumbini, nasaha za wazazi, zawadi. Kwenye diski, sehemu hizo ni kazi tatu zinazojitegemea. Programu ya kugeuza huchagua yenyewe moja, kwa kawaida ile ndefu kuliko zote, na nyingine huzifanya pale tu ukiiambia. Iligeuza kuingia ukumbini, dakika 50 na kitu za watu wakicheza. Nasaha za baba hazikuguswa. Zilibaki kwenye CD.

Wakaenda bustanini na tochi. CD ya harusi ilikuwa imepasuka. Ya sendofu ilikuwa nzima kwa macho, ila rangi yake imepauka. Diski za kurekodia mitaani si sawa na zile za kiwandani. Zina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza hulichoma kuandika, na mwanga wa jua hulila polepole. Wakaifuta, wakaiingiza. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na katikati ilikuwa bado inajitahidi: ukurasa wa mwanzo ukafunguka. Kwenye kitufe cha pili kulikuwa na picha ndogo ya baba, suti ya kijivu, mkono umeshika kipaza sauti. Wakabonyeza. Kompyuta ikavuma, ikazungusha, ikanyamaza. Walijaribu hadi karibu na alfajiri. Mpiga video alipopigiwa simu alisema kanda zile alishazirekodia juu harusi za watu wengine.

Watu wengi wanaosikia kisa hiki husema kijana hakujua kompyuta. Nawapinga. Alijifunza mengi kwa siku tano, peke yake, bila mwalimu, na hilo ni la kumpongeza. Kilichokosekana ni ile desturi ya mchimbaji: usiachie kifusi mpaka umepima ulichokitoa. Dakika moja ya mwanzo haipimi kitu.

Baadaye alikwenda Mbeya akakaa na fundi mzee wa studio ya harusi, na alichofundishwa nakieleza hapa kwa faida ya anayeanza. Kabla ya kugeuza chochote, nakili diski nzima ilivyo, kama picha kamili, bila kubana wala kupunguza. Diski ya tabaka moja haizidi gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 itagoma kupokea faili linalozidi gigabaiti 4, na mgeni atadhani flashi imeharibika. Tumia diski kuu ya nje au panga flashi upya kwa exFAT ikiwa tupu. Hiyo picha kamili ndiyo utakayochezea. Kisha hesabu sehemu zote, andika dakika za kila moja, geuza moja moja. Mistari kama meno ya kitana inayotokea watu wakicheza ina dawa yake ndani ya programu, iwashe. Picha ya DVD yetu ina mistari 576 tu. Kuilazimisha iwe 1080 ni kujaza flashi bila kuongeza sura ya mtu. Ukimaliza tazama mwanzo, katikati na mwisho wa kila sehemu, kwenye runinga ya mteja mwenyewe. Na CD irudi kwa mwenyewe, kwenye kasha lake.

Jambo moja nililiacha nyuma. Diski ya sendofu ni ya familia, igeuze bila hofu. Filamu ni jambo jingine. Za kigeni mara nyingi zina kufuli na namba ya kanda, Tanzania tukiwa kanda ya 5, na HandBrake haifungui kufuli hizo. Za kwetu nyingi hazina kufuli, ila zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inawalinda. Kijana aliziuza kwa flashi mwaka mzima kama kila kibanda kinavyofanya. Huo ni wizi, hata kama mtaa mzima unaufanya, na ni haki kuuacha.

Ndugu msomaji, kama kabatini kwako kuna CD ya harusi, ya kipaimara au ya msiba wa mzazi, usingoje Krismasi. Hata gizani rangi ya diski hizo huzeeka. Itafute wiki hii, ipeleke kwa mtu atakayekubali ukae naye muitazame hadi mwisho, kisha uondoke nayo mkononi.