Hajiri Mlangoni mwa Shule

Msichana aliyezaa kabla ya kumaliza masomo, anastahili kurudi darasani? Swali hilo likiulizwa Litumbandyosi, au popote kati ya milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa, majibu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema tumhurumie, na wapo wanaosema akiona cha moto wenzake watajifunza. Pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja bila kulichunguza, nalo ni lile neno “anastahili”. Anayestahili tunamtuza, asiyestahili tunamhurumia. Kwa vyovyote vile shule imekwisha kuwa zawadi mkononi mwa mwenye nayo. Msichana akiwa mkimbizi, asiye na cheti wala ndugu, zawadi husogezwa mbali zaidi: kwanza wa kwetu, tena wa kwetu wenye mwenendo mzuri. Nionavyo mimi, elimu haimo kabisa katika vitu vinavyogawiwa kwa kipimo cha wema.

Dini, ambazo aghalabu huitwa zije kuunga mkono ukali, zina kisa kinachogusa jambo hili moja kwa moja. Hajiri alikuwa kijakazi na mgeni, Mmisri katika hema la watu wengine. Kwa masimulizi ya Biblia alikimbilia jangwani mara ya kwanza akiwa mjamzito. Mara ya pili alifukuzwa, akiwa na mtoto, mkate na kiriba cha maji. Mara ile ya kwanza malaika hakuanza kwa kumhoji tabia, alimuuliza atokako na aendako. Waislamu humkumbuka kwa mbio zake kati ya Safa na Marwa, na kila anayekwenda kuhiji huzirudia hadi leo: hangaiko la mama anayemtafutia mwanawe maji limekuwa ibada ya matajiri na maskini. Msomaji makini wa Biblia atanikumbusha kwamba safari ile ya kwanza Hajiri aliamriwa arudi akamnyenyekee bibi yake. Ni kweli. Lakini unyenyekevu ule haukuwa bei ya maji aliyopewa mara ya pili. Kuonywa ni jambo moja na kunyweshwa ni jingine, na ninayempinga ni yule anayetaka la kwanza liwe kufuli la lile la pili.

Mkoa wa Ruvuma uliwahi kulijibu swali hili kwa vitendo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka mto Ruvuma kwa maelfu, na makazi ya wakimbizi yakafunguliwa Muhukuru, upande wa Songea, na Lundo, ufukoni mwa Nyasa. Tunduru kukawa na kituo cha elimu cha FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Mmoja wa waliokijenga alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa Inhambane mwaka 1945 na kutoroka kwao angali msichana. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel, mmoja wa viongozi wa chama hicho, kituoni hapo hapo, na mwaka huo huo akajifungua mtoto wa kiume. Kuzaa hakukumwondoa kazini: aliendelea kushughulikia malezi na elimu ya watoto wa vita, wakiwamo yatima, hadi alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Atasema mtu kwamba huyo alikuwa mke halali na mpigania uhuru, hafanani na binti wa kidato cha pili. Hawafanani, nakubali. Nisichokubali ni kwamba uzazi wenyewe huziba akili au humaliza wajibu wa jamii kwa mzazi. Nchi iliyompokea ilikuwa na sababu zake za kisiasa, lakini haikungoja kwanza kupima usafi wa kila aliyevuka mto.

Pingamizi zito zaidi ni lile la mfano mbaya: mmoja akirudi, wengine wataona mimba ni jambo jepesi. Hilo linapimika. Kanuni za elimu za Tanzania za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, mwaka 2017 Rais Magufuli akalikazia hadharani katazo la kurudi shuleni, na ruhusa ya kurudi ikatangazwa tarehe 24 Novemba 2021. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, waliokwisha kuzaa au wenye mimba ya kwanza walikuwa asilimia 23 mwaka 2010, wakawa 27 mwaka 2015–16, kisha 22 mwaka 2022. Siwezi kudai kwamba ruhusa ndiyo iliyoshusha idadi. Ilikuwa bado changa mno. Ila anayedai kwamba kufukuza huzuia mimba aeleze zile 27. Aeleze pia jambo la pili: tangu mwaka 2016 sheria inamtishia anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo kwa miaka mitano sheria ilimwona msichana ametendewa jinai, huku shule ikimwadhibu kama mtenda kosa.

Linabaki suala la uhaba. Madawati hayatoshi, kwa nini tumwongezee mgeni? Wamatengo walikuwa na sengu: wanaukoo walikusanyika kwa mkubwa wao, wakala pamoja na kuzungumza mambo yao. Chakula kikiwa haba watu hupunguza matonge. Hawamwinui mtoto mmoja mkekani. Katika kambi za Nyarugusu na Nduta, kule Kigoma, watoto wa wakimbizi wamesomeshwa kwa mitaala ya Kongo na Burundi, kwa hiyo hata dawati la mwenyeji mara nyingi haligombewi.

Kwa mama kijana, hata hivyo, dawati peke yake halitoshi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo kikiwa cha Mbinga, vimekuwa vikipokea wasichana wenye watoto kwa mpango wa Elimu Haina Mwisho, malezi ya mtoto yakiwa sehemu ya mpango huo. Parokia na misikiti yetu ina kumbi ambazo siku za kazi hufungwa tangu asubuhi hadi jioni, saa zile zile mama anapotakiwa awe darasani huku mtoto wake hana wa kumshika.