Amana ya Mjumbe katika Fedha ya Askari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Imamu Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Nafii bin Abdul-Harith, aliyekuwa liwali wa Makka kwa amri ya Seyyidna Umar (r.a.), alinunua nyumba kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza. Sharti ya biashara ile ilikuwa kwamba Umar akiridhia, nyumba imekwisha nunuliwa, na asiporidhia, Safwan apate mia nne. Basi na atazame mwenye akili: liwali alikuwa na cheo, gereza lilikuwa na haja, na muuzaji alikuwa mkubwa katika Makureshi, hata hivyo biashara haikutimia mpaka aridhie yule atakayeulizwa juu ya mali ya Waislamu.

Nyumba ya gereza na mshahara wa askari ni mlango mmoja. Askari hupewa bunduki kwa fedha ya watu wote, hata ya mjane na ya mchukuzi wa bandarini. Na anayenyoosha mkono barazani kuipitisha bila kuuliza, hawezi kusema kesho kwamba hayamhusu yanayotendwa nayo.

Mfano wake ulionekana Marekani, katika mji wa Minneapolis, ambao mna Waislamu wengi wa Kisomali. Tarehe 25 Mei 2020 askari mmoja alimwua George Floyd kwa kumkandamiza shingo kwa goti. Tarehe 7 Juni wajumbe tisa wa baraza la mji, katika kumi na watatu, wakasimama mbele ya umati wakaahidi kuivunja idara ile ya polisi. Ahadi ilitoka vinywani kabla ya hesabu. Kwani katiba ya mji iliwalazimisha kutoa fedha ya askari wasiopungua 1.7 kwa kila wakazi 1,000, na amri juu ya askari ilikuwa mkononi mwa meya, si mwao. Ilipofika Desemba, katika fedha ya polisi iliyokaribia dola milioni 179, walihamisha kiasi cha milioni 8 tu, ziende kwenye kazi ya kuzuia ugomvi na kuwahudumia wenye maradhi ya akili. Na shauri la kupunguza idadi ya askari likashindwa kwa kura 7 kwa 6. Machi 2021 baraza hilo hilo likakubali kuwalipa jamaa za marehemu dola milioni 27. Dhuluma ya dakika chache ikala zaidi ya mara tatu ya zile milioni 8!

Lakini wako na wengine wenye haki. Wakazi wa upande wa kaskazini wa mji, waliochoka na milio ya bunduki, walikwenda mahakamani kudai askari. Na Juni 2022 mahakama ya juu ya Minnesota ikahukumu kwamba baraza limetimiza wajibu wake wa kutoa fedha, na kwamba ni juu ya meya kuajiri askari 731 au aeleze sababu ya kutoajiri. Mjumbe aliyesikia kilio cha kwanza akaziba sikio kwa cha pili, hakufanya uadilifu, wala aliyefanya kinyume chake. Aya ya 8 ya Suratul Maida imekataza chuki ya watu isimtoe Muumini katika haki, na polisi nao ni watu.

Huku pwani ya Kenya, mjumbe wa kaunti hana kura juu ya fedha ya polisi, kwani hupitishwa na Bunge la Taifa. Ila askari wa kaunti, wale wenye kuwakimbiza wachuuzi, fedha yao hupita mkononi mwake tangu 2013. Mtume (s.a.w.) alimhoji hadharani Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka, kwa zawadi alizojitengea. Basi mchuuzi aliyenyang'anywa mkokoteni, akamwona mjumbe wake katika safu ya mbele, si utovu wa adabu kumngoja mlangoni baada ya swala, amwulize umepelekwa wapi.

Wallahu aalam.