Kipa Mpya, Makosa Yale Yale

Kijana wa Kilangali, wilayani Kilosa, akipangwa golini kwa mara ya kwanza na akafungwa manne, kesi yake huisha kabla jua halijazama: hana mikono, ameuza mechi, asirudi tena. Kocha aliyempanga hupanda baiskeli yake akaenda zake, hakuna anayemuuliza neno. Tabia hii haikuzaliwa Kilosa. Hata wakubwa wa Kariakoo wanayo, na mwaka 2013 iliwatokea puani.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Yanga walikwenda mapumziko wakiwa wanaongoza tatu bila dhidi ya Simba: moja la Mrisho Ngassa, mawili ya Hamis Kiiza. Kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yule yule aliyefunga mabao matatu peke yake Yanga walipolala 6-0 mwaka 1977. Kipindi cha pili kilipoanza, Kibadeni aliwaingiza vijana Said Ndemla na William Lucian. Mchezo ukageuka. Betram Mwombeki akafunga, Joseph Owino akafunga, Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu.

Jangwani, kwa Yanga, walitafuta mwenye kosa, na lawama zikamwangukia kipa Ally Mustafa ‘Barthez’. Mwezi uliofuata akasajiliwa Juma Kaseja, kipa mwenye jina kubwa kuliko wote nchini. Ikaonekana ugonjwa umepata dawa. Tarehe 21 Desemba, katika mechi ya watani iliyoitwa Nani Mtani Jembe, Simba wakashinda 3-1. Sasa mbaya akawa Kaseja, na kocha Ernie Brandts akafungashiwa virago. Makipa wawili, miezi miwili, mabao sita kutoka kwa mtani yule yule.

Turudi kwenye sare ile. Owino na Kaze walikuwa mabeki. Beki wa timu pinzani akifika langoni kwako akafunga, na mwenzake akaja kufanya vile vile, swali la kwanza haliwi la kipa. Ni nani aliyepewa kazi ya kuwakaba? Baada ya bao la kwanza kurudi, benchi lilisema nini? Maswali hayo yana majibu kwa kocha, lakini kumbadilisha kipa ni rahisi kuliko kuyajibu.

Ng’ambo nako ni vile vile. Marekani wana mchezo wao wa mpira wa kushika mkononi, ambao mrusha mipira ndiye kila kitu. Mwaka 2002 timu mpya ya Houston Texans ilimchagua kijana David Carr kabla ya wengine wote, ikampa usukani tangu mechi ya kwanza, na mbele yake ikaweka walinzi wasioweza kumlinda. Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ambayo haijavunjwa. Mpaka leo hutajwa kama kijana aliyeshindwa. Miaka minne kabla yake, Peyton Manning wa Indianapolis Colts alinyang’anywa pasi 28 katika msimu wa kwanza, na timu ikashinda mechi 3 kati ya 16. Colts hawakumtoa kafara. Msimu uliofuata walishinda 13. Vipaji vya wawili hao havikulingana, hilo halina ubishi. Lakini hakuna anayeweza kujua Carr angefika wapi, kwa sababu hakupewa nafasi ya kusimama.

Hapa kwetu, tarehe 18 Oktoba 2014, Simba waliingia kwenye mechi ya watani makipa wao wakubwa wakiwa majeruhi. Kocha Patrick Phiri akampanga kijana Peter Manyika, mtoto wa kipa wa zamani wa Yanga. Matokeo yakawa 0-0. Kijana akimaliza dakika 90 bila kufungwa, tunasifu ukuta mzima. Akifungwa, tunamwona yeye peke yake.

Kilangali, penye shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), watu wanajua mpunga. Mche ukinyauka, mkulima hautukani mche. Huuliza maji yaliingia lini, jaruba lilisawazishwa na nani, na kama mche ulitolewa kitaluni kabla ya wakati wake.

Basi kocha wa kijijini na ashike haya. Usimpe mgeni lango siku ya fainali kama hukumpa hata mechi ya kirafiki. Muweke nyuma ya mabeki wanaoongea, na kila mmoja ajue mtu wake wa kumkaba kwenye kona. Makosa ya kijana mwambie Jumatatu mazoezini, na yeye ayafanyie kazi, maana kulindwa si ruhusa ya kulala. Na siku ya kufungwa, kabla mashabiki hawajafungua midomo, toka mbele useme: “Niliyempanga ni mimi.” Kocha asiyeweza kutamka hayo ajue kwamba kijana hajawa tayari, na yeye pia.