Kamba ya Kumpa Mwenzio

Ukitoka Mpanda ukavuka Hifadhi ya Katavi, unaifikia Mamba, kwenye mashamba ya mpunga na misitu ya miombo. Katika misitu hiyo mrina asali akihitaji kamba, duka lake ni mti. Anabandua gome la myombo, anatenga nyuzi za ndani, anazisokota, na siku hiyohiyo anaikabidhi uhai wake. Aliyeitengeneza ndiye atakayening'inia nayo. Akisokota kwa pupa kwa sababu jua linazama, atakayelipa ni yeye. (Myombo nao unalipa. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa, na hilo linahitaji makala yake.)

Siku hizi kuna kamba ya manila. Ipo ya dukani, na ipo ya lori. Hebu tumfikirie dereva aliyekuja kubeba mpunga. Kamba yake imefunga magunia misimu kadhaa, imepauka kwa jua, naye ameshanunua nyingine. Mrina asali anaiomba ile ya zamani. Ampe?

Wapanda miamba na waingia mapangoni wamelifikiria swali hili kuliko sisi. Tangu 1953, kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilipoleta kamba yenye kiini kilichofunikwa na ala ya kusukwa, uzito mwingi hubebwa na sehemu isiyoonekana. Aina inayotumiwa na wapanda miamba hupimwa kwa kuangushiwa kilo 80, na sharti istahimili angalau mara 5. Lakini kipimo hicho kinaishia kiwandani. Baada ya hapo, asidi ya betri iliyomwagika kwenye buti la gari inaweza kuila nailoni na macho yasione kitu. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hii hukatikia pasipojulikana. Ndiyo maana watunzaji makini huiandikia daftari: ilinunuliwa lini, ilitumika wapi, ilibeba maanguko mangapi. Kamba isiyo na historia hawapandi nayo, hata iwe inang'aa.

Dereva wetu daftari lake liko kichwani. Basi wajibu wake wa kwanza ni kusema: hii imeungua jua, na kama ni ya plastiki, usiisogeze karibu na mwenge wako wa kufukuzia nyuki, maana polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Akishasema hivyo, amemaliza?

Nadhani hajamaliza. Maneno hayafungwi kwenye kamba. Mrina atamwachia mdogo wake, mdogo atamwazima jirani, na jirani atapokea kamba tupu.

Mrina ana jibu zito: "Mimi ni mtu mzima, kaka. Usiponipa nitapanda hivyohivyo." Silidharau jibu hilo. Kuna kiburi katika mwenye lori kumwamulia mwenye njaa ya msimu mzima ni hatari ipi inamfaa. Na ni kweli atapanda, kwa kuwa mzinga uko juu, uliwekwa huko ili nyegere asiufikie.

Lakini tazama mwili wake akiwa mtini. Asiye na kamba hukumbatia tawi, hujaribu kila hatua kabla ya kuikanyaga, na mkono mmoja hauachii. Mwenye kamba hujilaza nyuma, akapeleka mikono yote miwili mzingani. Kamba mbovu inamnyang'anya ile hofu iliyokuwa ikimshikilia, halafu haimpi kitu badala yake. Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema kibovu ni afadhali kuliko kukosa. Kwa sufuria lililotoboka, sawa. Kwa kamba ya kupandia, hapana.

Kwa hiyo ningemshauri dereva atoe kisu na kuikata vipande vya mita mbili mbili. Vitafunga mbuzi, vitafunga kuni kwenye baiskeli, vitafunga mlango wa zizi. Havitamfikisha mtu mzingani. Mrina atakasirika, tena mbele ya watu, na ana haki: aliomba kamba nzima akapewa vifundo vya mbuzi na mtu ambaye kesho atakuwa Mpanda anakunywa chai.