Mgeni Asiyesalimiwa

Familia za Wakongo zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, hutupigia simu, na malalamiko yao ya mwanzo hufanana. Baridi, ndiyo, na kodi ya nyumba. Lakini linalowaumiza zaidi ni ukimya: mama anapanda ngazi za jengo lake Chicago mwezi mzima, na jirani wa mlango wa pili hajamjulia hali hata siku moja.

Sisi wa Kasulu na Kibondo tunasikitika upesi. Kwetu kumpita mtu bila kusema “mwakeye” ni kama tusi. Tunakata shauri kwamba jiji lile halina upendo.

Tusiharakishe. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996, na waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Tumesalimiana nao vizuri, sokoni na ibadani. Lakini kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kutoka kambini ni kwa kibali. Chicago mama yuleyule anapanda basi alfajiri kwenda kazini bila kumwomba mtu ruhusa. Serikali ina sababu zake, na mzigo wa Kigoma tangu Warundi wa 1972 si mdogo, hatuubezi.

Hata hivyo Mambo ya Walawi 19 inataka mgeni ahesabiwe kama mzaliwa wa nchi, wala haitaji salamu. Basi yupi amempenda: aliyemwita kwa jina akamwekea mpaka, au aliyemwachia njia bila kumtazama? Tulimuuliza yule mama kwa simu. Alicheka, akasema tumpigie jioni. Basi lake limefika.